Bin Rodrigo: Asili na Mtawanyiko wa Jina la Ukoo la Kireno na Usomaji wa Majina katika Matini za Ujiji

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jina la ukoo Rodrigues, mojawapo ya majina ya Kireno yaliyoenea sana duniani, kwa kuanzia mahali ambapo uchunguzi wa aina hii huwa hauanzii: Ujiji, mwaka 1858. Hoja kuu ni kwamba Rodrigues lilikuwa jina la nasaba lenye maana ya ‘bin Rodrigo’ kabla halijaganda na kuwa jina la ukoo, na kwamba mtawanyiko wake ni ramani ya ubatizo na ajira kuliko kuwa ramani ya damu. Kwa kukisoma kitabu cha Richard Burton, The Lake Regions of Central Africa (1860), sambamba na Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, makala yanaonesha kuwa utajaji wa majina huwagawa wahusika katika makundi mawili: wenye baba na wasio na baba. Mwishowe makala yanadai kwamba mgando uleule uliolipata jina la Kireno unaendelea leo katika rejista za shule na katika orodha za marejeo za wahakiki wa fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Anayetoka Ujiji kwa mtumbwi kuelekea kaskazini hana budi kuizunguka rasi ya Bangwe kabla ya kuingia katika ghuba ya Kigoma. Ndiyo njia waliyoipita Richard Burton na John Hanning Speke mwezi Aprili 1858, miezi miwili baada ya kufika Kawele, Ujiji, walipokwenda kuutafuta mto uliosemekana kutoka ziwani kwa upande wa kaskazini. Safari hiyo imezoeleka kusimuliwa kama safari ya watu wawili. Hata hivyo, msafara ulikuwa na kiongozi aliyewekwa kutoka Zanzibar, Said bin Salim. Ulikuwa na askari Wabaluchi na wapagazi wengi. Ulikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kufikishwa India. Na ulikuwa na vijana wawili Wagoa waliokuwa watumishi wa Wazungu hao, Valentino Rodrigues na Caetano Andrade.

Makala haya yanalishughulikia jina la yule wa kwanza. Tafiti za majina ya ukoo huuliza maswali mawili: jina limetoka wapi, na leo linapatikana wapi? Maswali hayo ni halali, lakini majibu yake yakiunganishwa kwa mshale mmoja kwenye ramani hupotosha. Jina likichorewa mishale kutoka Ureno kwenda Brazili, Goa na Afrika, huonekana kama mzee anayesafiri na wajukuu zake, kana kwamba kila alilipo jina, damu ipo pia. Rodrigues wa Ujiji anaukataa usomaji huo. Ili tumwelewe, inatubidi tuulize swali la tatu, ambalo ni la kihakiki: jina linafanya kazi gani katika matini, na nani ana mamlaka ya kulitaja au kulifuta?

Sehemu inayofuata inachambua asili ya jina. Kisha makala yanafuatilia mtawanyiko wake hadi Afrika Mashariki, yanasoma namna majina yanavyotajwa katika matini mbili zinazohusu Ujiji, yanagusa riwaya mbili za Afrika Mashariki ambazo wahusika wake wakuu wana majina ya Kireno, na kurejea kwenye majina yetu wenyewe.

2.0 Asili: Kiambishi kinachosema ‘bin’

Rodrigues lina sehemu mbili. Ya kwanza ni Rodrigo, jina la kiume lililotokana na jina la Kijerumani cha kale Hrodric, lililoundwa na mzizi hrod, ‘sifa’ au ‘umaarufu’, na ric, ‘mwenye nguvu’ au ‘mtawala’. Lilifikishwa katika rasi ya Iberia na Wavisigothi. Mfalme wao wa mwisho mashuhuri alikuwa na jina hilo, naye alishindwa mwaka 711 na jeshi lililoongozwa na Tariq bin Ziyad. Wanahistoria wa Kiarabu walimwandika Ludhriq. Kwa hiyo jina hili liliingia katika maandishi ya Kiarabu karne nyingi kabla Mreno yeyote hajatia nanga katika pwani ya Afrika Mashariki.

Sehemu ya pili ni kiambishi tamati -es, ambacho katika Kihispania huandikwa -ez. Kazi yake ilikuwa moja: kuonesha kwamba anayetajwa ni mtoto wa fulani. Fernandes ni mtoto wa Fernando, Gonçalves ni mtoto wa Gonçalo, Henriques ni mtoto wa Henrique. Mfalme wa kwanza wa Ureno, Afonso Henriques, aliitwa hivyo kwa kuwa baba yake alikuwa Henrique. Katika karne hizo jina la pili halikurithiwa. Mtoto wa Rodrigo aliitwa Rodrigues, lakini mtoto wa Fernando Rodrigues aliitwa Fernandes. Kila kizazi kilimtaja baba yake na kumwacha babu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu ili auelewe mfumo huu, kwa kuwa ndio aliozaliwa nao. Tippu Tip alikuwa Hamed bin Muhammed. Baba yake alikuwa Muhammed bin Juma. Juma hakurithiwa kama jina la familia. Alitajwa na mwanawe, kisha akasogea nafasi moja nyuma katika mnyororo wa nasaba. Tofauti za kisarufi zipo, na hazifai kupuuzwa. Bin ni neno huru linalosimama kati ya majina mawili na lina mwenzake wa kike, binti. -Es ni kiambishi kilichoshikamana na jina, na kilitumika kwa wanaume na wanawake bila tofauti. Lakini kazi ya kimaana ni ileile. Rodrigues ni ‘bin Rodrigo’ au ‘binti Rodrigo’.

Kufikia mwishoni mwa Enzi za Kati mfumo huo ulikuwa umeganda. Rodrigues likaacha kumtaja baba na kuanza kuitaja familia. Mtoto wa Pedro Rodrigues naye akawa Rodrigues, ingawa katika nyumba yao hapakuwa na Rodrigo yeyote aliyekumbukwa. Wazungumzaji wa Kireno wa leo hawakisikii tena kile kiambishi, kama vile Mswahili asivyoisikia igreja, ‘kanisa’, ndani ya gereza.

Kuna jambo moja la kifilolojia linaloiweka hoja hii karibu zaidi na nyumbani. Mzizi hrod unaopatikana katika Rodrigo ndio huohuo ulio katika jina Robert, ambalo asili yake ni Hrodberht, ‘mwenye sifa ing’aayo’. Mshairi mkuu wa Kiswahili wa karne ya 20, Shaaban Robert, hujulikana pia kwa jina la Shaaban bin Robert. Kwa namna hiyo, Rodrigues na ‘bin Robert’ ni miundo miwili inayofanana: alama ya nasaba iliyounganishwa na jina lenye mzizi mmoja wa Kijerumani. Hakuna anayemhesabu Shaaban Robert kuwa Mjerumani kwa sababu hiyo. Tahadhari tunayoitumia kwake tunapaswa kuitumia kwa kila Rodrigues.

3.0 Mtawanyiko: Ubatizo na ajira

Leo Rodrigues ni miongoni mwa majina ya ukoo yenye watu wengi sana nchini Ureno. Limeenea Brazili, Angola, Msumbiji na Kepuvede. Linapatikana Goa, Mumbai na Mangalore. Na umbo lake la Kihispania, Rodríguez, limejaa Amerika ya Kilatini. Limekuwa pia jina la mahali: kisiwa cha Rodrigues katika Bahari ya Hindi, ambacho ni sehemu ya Mauritius, kilipewa jina la nahodha Mreno Diogo Rodrigues katika karne ya 16. Limebebwa na mmishonari João Rodrigues, aliyechapisha sarufi ya Kijapani mjini Nagasaki kati ya 1604 na 1608, na limebebwa na Amália Rodrigues, mwimbaji mashuhuri wa fado wa karne ya 20. Ukubwa wa eneo hilo huweza kumfanya mtu adhani kuwa Warodrigues ni ukoo mmoja mkubwa. Siyo. Hata ndani ya Ureno, walikuwapo wanaume wengi walioitwa Rodrigo, na watoto wa kila mmoja wao waliitwa Rodrigues bila ya kuwa na uhusiano wowote. Jina la nasaba likiganda, hugandia mahali pengi kwa wakati mmoja.

Nje ya Ureno sababu nyingine iliongezeka. Afonso de Albuquerque aliiteka Goa mwaka 1510, na katika karne hiyo wenyeji wengi walibatizwa. Aliyebatizwa alipewa jina jipya la kwanza na, mara nyingi, jina la ukoo la msimamizi wake wa ubatizo, ambaye aliweza kuwa padri, askari au ofisa. Ndugu wa damu waliosimamiwa na watu tofauti waliweza kutoka kanisani wakiwa na majina tofauti ya ukoo. Na watu wasiojuana waliweza kutoka wakiwa na jina moja. Kwa hiyo jina la Rodrigues huko Goa halisemi ‘bin Rodrigo’ wala ‘wa ukoo wa Rodrigues’. Linasema kwamba siku moja, mbele ya birika la ubatizo, alisimama mtu aliyeitwa hivyo.

Pwani ya Waswahili ilipata historia tofauti, na tofauti hiyo inaonekana katika lugha. Wareno walikaa pwani kuanzia mwanzoni mwa karne ya 16 hadi walipopoteza Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, wakairejesha kwa muda mfupi miaka 30 baadaye. Walituachia meza, bendera, leso, karata, mvinyo, padri na gereza. Maneno hayo yalizoea fonolojia ya Kiswahili kiasi kwamba hayatambuliki kwa wengi kuwa ni ya kigeni. Lakini majina ya ukoo hayakubaki. Nomino za kawaida ziliingia sokoni na majikoni. Majina ya watu yaliishia ngomeni.

Tukio mashuhuri la kipindi hicho linaonesha kwamba wenyeji waliielewa vyema thamani ya suala hili. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa, alipelekwa Goa, akasomeshwa na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa Jerónimo, na kurudishwa kutawala Mombasa mwaka 1626 akiwa Dom Jerónimo Chingulia. Ubatizo ulimpa cheo cha Kireno na ukamwondoa Hasan katika jina lake. Agosti 1631 aliasi, akaiteka ngome, akarejea katika Uislamu na kulirejesha jina la Yusuf bin Hasan. Wanahistoria huusoma uasi huo kama suala la dini na siasa, na ndivyo ulivyo. Mhakiki wa majina anaweza kuongeza kwamba ulikuwa pia urejeshaji wa baba katika jina la mwana.

Majina ya Kireno yaliporudi Afrika Mashariki kwa wingi, hayakuletwa na Wareno. Yaliletwa na Wagoa, katika karne ya 19 na ya 20, kwa njia ya kazi. Walikuwamo wapiga picha wa Zanzibar kama A. C. Gomes, ambaye picha na postikadi za kampuni yake ni hazina ya historia ya mji huo. Walikuwamo wapishi, washonaji, madaktari na, zaidi ya wote, makarani wa serikali za kikoloni, forodha na reli. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, iliunganisha ziwa na Dar es Salaam, na utumishi wa reli ulikuwa mojawapo ya njia zilizowafikisha Wagoa bara. Kwa ufupi, maneno ya Kireno yalitufikia kutoka Ureno, na majina ya Kireno yakatufikia kutoka India. Anayechora mshale mmoja kwa yote mawili anaunganisha historia mbili zilizopishana kwa zaidi ya karne moja.

4.0 Wenye baba na wasio na baba

Rodrigues wa Ujiji alitangulia wimbi hilo la makarani, na tunamfahamu kwa sababu bwana wake aliandika. Swali ni jinsi alivyoandikwa. Katika The Lake Regions of Central Africa, Valentino Rodrigues karibu kila mahali ni ‘Valentine’ tu, na Caetano Andrade ni ‘Gaetano’. Mabadiliko mawili yamefanyika kwa pamoja. Kwanza, majina ya ubatizo yameondolewa katika umbo lake la Kireno: moja limevishwa Kiingereza, jingine limevishwa Kiitaliano. Pili, majina ya ukoo yamedondoshwa.

Tukiwapanga wahusika wa kitabu hicho kwa namna wanavyotajwa, tunapata ngazi iliyo wazi. Juu wapo Wazungu wanaotajwa kwa majina ya ukoo. Wanafuata Waarabu wenye cheo au mali, ambao Burton, mjuzi wa Kiarabu, huwataja kwa nasaba: Said bin Salim, kiongozi wa msafara, Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kazeh aliyewapokea. Chini yao wako watu wa jina moja: Kannena, mtawala wa Kawele, Mabruki, Bombay, Valentine, Gaetano. Baadhi yao wana lakabu ya heshima, kama Sidi au Mwinyi, lakini hawana baba. Hata Bombay, ambaye maisha yake Speke aliyasimulia baadaye kwa huruma, anapata baba asiye na jina: mtu fulani wa nchi ya Wayao. Jina lenyewe analoitwa ni la mji, na umbo lake linatokana na Bombaim ya Wareno. Hivyo katika mtumbwi mmoja alikuwapo Mwafrika mwenye jina lililopitia kinywa cha Mreno na Mhindi mwenye jina la mtoto wa Rodrigo, na matini haikuona haja ya kueleza lolote kati ya hayo.

Inaweza kujibiwa kwamba Burton alifuata tu desturi ya Waingereza ya enzi yake ya kuwaita watumishi kwa jina la kwanza. Ni kweli, na ndiyo hoja yenyewe. Desturi hiyo huamua ni nani aingie katika historia akiwa na ukoo na nani aingie akiwa hana. Zaidi ya hayo, Burton hakuwa mgeni wa Ureno wala wa Goa. Kitabu chake cha mwanzo, Goa, and the Blue Mountains (1851), kiliwakejeli Wakristo wa Goa, na mwaka 1880 alichapisha tafsiri yake ya Os Lusíadas, utenzi wa Camões unaowatukuza mabaharia wa Ureno. Mtu aliyetumia miaka mingi kuwatafsiri mashujaa wenye majina ya -es alimwandika Rodrigues aliyempikia na kumuuguza kwa jina la kwanza pekee. Alilipenda jina la Kireno lilipokuwa katika utenzi.

Matokeo ya uandishi huo yanaonekana katika mambo mawili yanayosimuliwa kuhusu Valentino. La kwanza ni kwamba alijifunza Kiswahili upesi kiasi cha kueleweka. Kwa mwanaisimu wa Kiswahili hii ni taarifa muhimu. Inatuonesha Kiswahili kikipatikana njiani, bila kitabu, na mtu ambaye tayari aliishi kati ya lugha kadhaa. Lakini Burton anaitaja kama sifa ya mtumishi, si kama ujuzi. La pili ni tukio la Wafanya, katika pwani ya Burundi ya leo, wakati wa kurudi kutoka Uvira: usiku wa ulevi na vurugu, Valentino anaichukua bastola ya bwana wake, anafyatua gizani, na mmoja wa watu wa Kannena anajeruhiwa. Katika simulizi, tendo hilo ni ushahidi wa woga wa Mgoa. Mjeruhiwa naye hana jina. Risasi ilitoka kwa mtu asiye na ukoo ikampata mtu asiye na jina, na wa pekee anayebaki kuwa mhusika kamili ni mwenye bastola.

Ni vizuri tulinganishe na matini ya Kiswahili. Maisha ya Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, yanapita katika nchi hizohizo na kuwataja watu wa Ujiji na Tabora. Mfumo wake wa majina umejengwa juu ya bin. Katika biashara ya misafara, nasaba ilikuwa dhamana: mkopeshaji wa Unguja kama Taria Topan alihitaji kujua mkopaji ni mtoto wa nani kabla ya kumpa bidhaa za kwenda nazo bara kwa miaka. Lakabu nazo zipo, lakini zinatolewa maelezo. Mwandishi mwenyewe anaeleza kuwa jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Muhammed bin Khelfan wa Ujiji alijulikana zaidi kama Rumaliza, lakini nasaba yake haikufutwa na lakabu hiyo. Hapo lakabu inaongezwa juu ya baba. Katika kitabu cha Burton inakaa mahali pa baba.

Hata hivyo, ulinganisho huu usitupeleke kwenye hitimisho jepesi kwamba matini ya Kiswahili ni ya haki na ya Kiingereza ni ya dhuluma. Katika Maisha pia wapo wasio na baba: watumwa, wapagazi na watu wa vijiji vilivyoshambuliwa, ambao hutajwa kwa kundi au kwa idadi. Tofauti ni mahali mstari ulipochorwa. Burton aliuchora chini ya Waarabu. Tippu Tip aliuchora chini ya waungwana. Katika matini zote mbili, kuwa na baba ni kuwa mtu wa historia.

5.0 Jina linapokataliwa na linapojirudia

Karne iliyofuata, wenye majina ya Kireno katika Afrika Mashariki walianza kujiandika wenyewe, na wengine walianza kuchagua. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alizaliwa na baba Mgoa wa ukoo wa Zuzarte na mama Mmasai, akachagua kujulikana kwa jina la upande wa mama. Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mwanahabari aliyeuawa Nairobi Februari 1965, hakubadilisha jina, na jina hilo la Kireno limebaki miongoni mwa majina ya wapigania uhuru wa Kenya. Seraphino Antao wa Mombasa alishinda medali mbili za dhahabu za mbio fupi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1962 akiiwakilisha Kenya. Ng’ambo ya ziwa, mkabala na Bangwe, serikali ya Mobutu iliwaamuru raia mwaka 1972 kuyaacha majina ya Kikristo ya Kizungu. Mifano hii haielekei upande mmoja. Inaonesha tu kwamba jina la kigeni si lazima liwe alama ya ugeni, na kulivua si lazima kuwe ndiyo njia pekee ya uzalendo.

Riwaya zimelichimba jambo hili zaidi. Peter Nazareth wa Uganda, katika In a Brown Mantle (1972), anampa usimulizi Joseph D’Souza, Mgoa aliyeshiriki siasa za uhuru na kuishia kuikimbia nchi. M. G. Vassanji, katika The Book of Secrets (1994), anamfanya msimulizi kuwa Pius Fernandes, mwalimu mstaafu wa historia wa Dar es Salaam, anayekabidhiwa shajara ya zamani ya ofisa Mwingereza na kuanza kuitafutia ukweli. Siri kubwa ya shajara hiyo ni ubaba: mtoto wa Mariamu ni wa nani? Nionavyo, uteuzi wa jina la msimulizi unastahili kuzingatiwa zaidi. Fernandes ni ‘bin Fernando’, jina la nasaba lililoganda, lililofika Goa kwa ubatizo na Dar es Salaam kwa ajira. Vassanji amemkabidhi kazi ya kumtafutia mwingine baba mtu ambaye jina lake lenyewe linamtaja baba asiyekuwapo. Mwishoni Fernandes hapati jibu la hakika, na riwaya haimlaumu. Iwapo Burton alimnyima Rodrigues ukoo ili simulizi iende mbele, Vassanji anaisimamisha simulizi mbele ya ukoo usiojulikana.

6.0 Hitimisho: Rejista ya Bangwe

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa Bangwe anaandikishwa shuleni kwa jina la Hamisi Juma Rashidi. Hamisi ni yeye, Juma ni baba yake, Rashidi ni babu yake. Bin imekwisha kudondoka katika maandishi ya karne iliyopita, na majina yamebaki yamefuatana bila kiungo. Kimofolojia, kudondoka huko kunafungua mlango: pasipo alama ya nasaba, hakuna kinachomwonesha msomaji kama neno la mwisho ni mtu au ni familia. Fomu ya shule, ya pasipoti na ya kitambulisho cha taifa inauliza jina la mwisho, na Rashidi analijaza pengo hilo. Hamisi akizaa binti, kwa mfumo wa nasaba ataitwa Mwajuma Hamisi Juma. Kwa mfumo unaoanza kuzoeleka ataitwa Mwajuma Hamisi Rashidi. Siku hiyo Juma anaruka, Rashidi anaganda, na Bangwe inapata kilichopatikana Ureno zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Sisi wahakiki tumo katika kazi hiyo pia. Katika orodha zetu za marejeo, Shaaban Robert huwekwa chini ya Robert, ambalo ndilo jina la upande wa bin. Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed, waandishi wawili wa Zanzibar wenye mitindo tofauti kabisa, hukutana chini ya Mohamed kama ndugu wa nyumba moja. Kanuni tunazozifuata zilitungwa kwa ajili ya majina yaliyokwisha ganda. Tunapozitumia bila kuuliza, tunayagandisha yaliyo hai. Makala haya yanapendekeza kwamba majarida ya Kiswahili yaruhusu jina la nasaba kuorodheshwa kwa mpangilio wake wa asili, bila kupinduliwa, kama inavyofanyika kwa majina ya mataifa mengine yasiyo na jina la ukoo. Yanapendekeza pia kwamba, tunapoiandika historia ya Ujiji kwa Kiswahili, vijana wale wawili watajwe kwa majina yao kamili na kwa tahajia yao: Valentino Rodrigues na Caetano Andrade.

Pendekezo la pili halibadilishi chochote katika jiografia ya ziwa. Linabadilisha idadi ya watu waliomo mtumbwini ambao msomaji anaweza kuwauliza: wewe ni mtoto wa nani? Kwa Rodrigues, jibu la herufi kwa herufi ni Rodrigo, na jibu hilo si la kweli. Jibu la kweli lilikuwa kwake mwenyewe, naye aliishi katika msafara huo muda wa kutosha kuweza kulitoa kwa Kiswahili. Matini haikumuuliza.